Kidole Kilichokatwa

Leo tunatafakari Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 12, ambamo Mtume Paulo aufananisha ushirika wa waamini na mwili mmoja wenye viungo vingi.

Mtume alitaja jicho, mkono na mguu. Wataalamu, kwa darubini zao, wametuonyesha vilivyo vidogo zaidi: seli, yaani chembe hai ambazo mwili wote umejengwa kwazo. Ziko aina zaidi ya 200. Seli ya neva ni ndefu kama uzi, nayo hupeleka habari. Seli ya msuli hujikaza na kulegea. Chembe nyekundu ya damu huchukua oksijeni. Nayo, kabla ya kuanza safari yake, hukitoa hata kiini chake ikabaki na nafasi ya mzigo. Haiwezi tena kuzaa nyingine. Hutumika siku 120 hivi, kisha hufa.

Sasa, tuseme mkulima anakata majani ya ng'ombe, panga likamkata kidole. Mara neva hupiga mbiu. Vijichembe vya kugandisha damu hushikamana pale pale na kuliziba jeraha. Baada ya saa chache, chembe nyeupe hutoka katika mishipa kupigana na vijidudu. Nyingi hufa papo hapo. Usaha tunaouchukia, kwa sehemu kubwa, ni maiti za askari hao. Nyuma yao huja nyingine za kuondoa uchafu, kisha zinazofuma nyuzi za nyama mpya, na zile za ngozi husogea kutoka kila upande mpaka zikutane.

Ndugu zangu, tuangalie jambo moja. Hakuna chembe iliyokiuliza kidole, "Mbona hukujihadhari?" Wala hakuna iliyongoja kwanza kikao kifanyike.

Nasi tulio mwili wa Kristo, twafanyaje? Binti wa kwaya akipata mimba kabla ya ndoa, twamvua joho, na habari zake zafika kisimani kabla sisi hatujafika nyumbani kwake. Baba aliyefutwa kazi akianza kulewa, twamhesabu kuwa amepotea, na nafasi yake kanisani twaikalia. Hatusemi kwamba dhambi si dhambi. Jeraha lisiposafishwa huoza, na chembe nyeupe hazivibembelezi vijidudu. Lakini zinapigana na vijidudu, hazipigani na kidole.

Basi, juma hili, ni nani katika mtaa wetu ambaye kiti chake ki tupu? Tusingoje mchungaji aende. Mmoja wetu apeleke unga, mwingine akae naye na kumsikiliza, mwingine amtafutie kibarua. Kila chembe ina kazi yake.

Na wewe unayetusikiliza, ambaye ndiwe kiungo kilichojeruhiwa, usijikate mwilini. Kovu huenda likabaki. Hata Bwana wetu alipofufuka aliwaonyesha wanafunzi makovu yake.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetuumba tukahitajiana, utupe miguu myepesi ya kuwaendea walioumia, na ndimi nzito za kuwasema. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.