Amani, utulivu na usalama si neno moja



Redio ikisema amani imetiwa sahihi, sikilizeni vizuri. Mkataba wa Arusha ulitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, na vita vya Burundi viliendelea. FNL walikubali kusimamisha mapigano mwaka 2006. Hayo ni mapatano. Utulivu ni bunduki kunyamaza. Usalama ni mama kwenda kuni na kurudi. Sisi Warundi twasalimiana "amahoro" kila asubuhi, hata neno limechakaa.

Mkiulizwa juu ya kurejea kwa hiari, msikimbilie kujibu "amani ipo". Wengi waliokimbia mwaka 1972 walirudi wakakuta mashamba yao yana wenyewe wengine. Ulizeni kwanza: shamba langu analilima nani? Jirani atanipokeaje?