Waliomfungulia mtoro mlango

(Muziki wa kipindi. Unapanda, kisha unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Ninyi mlio kambini, na ninyi ndugu zetu wa kisiwa cha Nkombo mnaotusikiliza mkitengeneza nyavu, karibuni. Mazungumzo ya leo yana swali moja. Mtu anayekimbia akibisha mlangoni kwako usiku, na sheria inasema usimpokee, utafanya nini?

Twende kwanza pwani ya Kenya, karibu na Mombasa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba na Waingereza. Biashara ya watumwa baharini ikapigwa marufuku, na soko la Zanzibar likafungwa. Lakini sikilizeni vizuri: utumwa wenyewe haukufutwa. Aliyekuwa na mtumwa shambani aliendelea kuwa naye kwa haki ya sheria. Mtumwa akikimbia, aliitwa mtoro. Ndilo neno tunalotumia leo kwa mtoto anayekwepa shule. Wakati ule, kumficha mtoro kulihesabiwa kama kuiba mali ya mtu.

Mwaka 1875 misheni ya Kianglikana ilijenga kijiji cha Freretown, kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazini. Hao sheria iliwaruhusu. Watoro wa mashambani haikuwaruhusu. Wakubwa wa misheni waliagiza wasipokelewe, kwa kuogopa vita na mabwana wa pwani.

Sasa, kule Rabai, si mbali na Mombasa, alikuwepo mchungaji Mwafrika, William Jones. Yeye mwenyewe alikuwa mtumwa utotoni, akaokolewa, akalelewa India, kisha akarudi Afrika. Watoro walipofika Rabai, Jones hakuwafukuza. Walijenga nyumba, wakalima, wakaoa. Mwaka 1888 mmisionari Price alirudi kutoka Uingereza, akakuta mamia ya watoro wanaishi pale. Mabwana walikuwa wanawadai, na hatari ya kushambuliwa ilikuwa kweli.

(Ngoma, sekunde tano.)

MTANGAZAJI: Jones alikuwa na misheni nyuma yake. Kuna aliyekuwa na ulinzi mdogo zaidi. Jina lake David Koi, Mgiriama. Alikuwa kiongozi wa Fuladoyo, kijiji cha watoro ndani ya nchi ya Wagiriama. Hakuwa na konsuli wala manowari ya kumtetea. Mwaka 1883 watu wa pwani walimkamata, wakamuua. Tukiwataja waliopinga utumwa, mara nyingi tunataja wazungu. Tumtaje na David Koi.

Na wale wa Rabai? George Mackenzie, wa kampuni ya Waingereza iliyotaka kutawala pwani, aliogopa ghasia zingeharibu kazi yake. Akakubaliana na mabwana, wakalipwa fedha kwa kila mtoro. Tarehe 1 Januari 1889, vyeti vya uhuru vilitolewa Rabai. Watu 1,421 wa vituo vya misheni walipata uhuru kwa mpango huo. Bwana alilipwa. Aliyefanya kazi bure miaka yote hakulipwa. Sheria yenyewe ilichelewa: Zanzibar ilibadilika mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907.

Kwa hiyo David Koi alikufa miaka 24 kabla ya sheria ya nchi yake kusema alichokuwa anasema yeye.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Wasikilizaji, turudi kwetu. Ukisimama Nkombo unaona vilima vya Kongo ng'ambo ya maji, na Mashi inasemwa pande zote mbili. Wengi wetu tulivuka ziwa au mto Rusizi. Kuna mtu alipiga kasia. Kuna mama alikupa chakula bila kukuuliza karatasi. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 31, unasema mkimbizi aliyetoka moja kwa moja penye hatari asiadhibiwe kwa kuingia bila kibali, mradi ajitokeze bila kuchelewa kwa wakuu na aeleze sababu yake. Kifungu hicho kinamtaja mkimbizi tu. Aliyepiga kasia hakimtaji. Tukumbuke kwamba yeye pia alijiweka hatarini.

Lakini si kila anayesema "nitakuvusha" ni David Koi. Kuna anayekuahidi kazi mjini au nchi ya mbali, kisha anachukua kitambulisho chako, hakulipi, anakuzuia kutoka. Huo ni usafirishaji haramu wa binadamu, na sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 inauadhibu. Mpimeni hivi: anayesaidia anakuacha huru ukifika. Mwuzaji wa watu anakushikilia.

Ukimjua binti anayefanyishwa kazi bila malipo na kufungiwa ndani, usimhamishe peke yako usiku. Unaweza kumponza, nawe ukadhaniwa ndiye mwizi wa watu. Zungumza naye kwa siri, msikilize anataka nini. Kisha nendeni ofisi ya ulinzi ya HCR kambini, au polisi, namba 112. Jones na Koi hawakuwa na mahali pa kupeleka shauri. Sisi tunapo, hata kama foleni ni ndefu.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji. Moja: nani alikusaidia kuvuka, na je, uliwahi kumshukuru? Mbili: hapa tunapoishi, kuna nani leo anayehitaji mlango ufunguliwe?



(Muziki wa kufunga.)