Mchungaji Aliyekataa Kuzika



Juma lililopita simu nyingi ziliingia studio juu ya ulizo moja: tumfuate nani? Wengine wamechoka. Walimwona mtumishi waliyemtegemea akianguka, na sasa wanasema hawataki tena kumwangalia mtu, watamwangalia Yesu peke yake. Tunawaelewa. Lakini Biblia yenyewe inatutuma kuangalia watu. Fungua Waebrania 13, mstari wa 7. Tunaambiwa tuwakumbuke viongozi waliotuletea Neno, tuchunguze mwisho wa mwenendo wao, ndipo tuige imani yao. Imani, ndugu. Haikuandikwa tuige sauti yao, wala koti lao, wala namna wanavyoshika mikrofoni.

Leo tumemchukua mtu ambaye si wa kwetu. Anaitwa Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani, aliyezaliwa 1906. Tunajua mama fulani atauliza: Walutheri wanabatiza watoto wachanga, watatufundisha nini? Na tuseme kweli yote: huyu mchungaji alivuta tumbako, hata akiwa kifungoni aliomba nyumbani wamletee. Mtuvumilie kidogo.

Mwaka 1933 Hitler alishika utawala. Tarehe 1 mwezi wa 4 askari wake walisimama mbele ya maduka ya Wayahudi ili watu wasinunue humo. Nyanya yake Bonhoeffer, mama ya baba yake, mzee wa miaka 90, alipita katikati ya askari hao, akaingia, akanunua vitu vyake, akatoka. Hakuhubiri. Siku chache baadaye, tarehe 7, ikatoka sheria ya kuwafukuza Wayahudi katika kazi za serikali. Na hapa sikilizeni vizuri: sheria haikuuliza kama mtu ameokoka. Iliuliza nkambo zake walikuwa nani. Myahudi aliyebatizwa, anayemwamini Yesu, anayepokea meza ya Bwana, mbele ya sheria hiyo alibaki Myahudi tu.

Ubaya wa serikali tunaufahamu, haututishi sana. Jambo la kuumiza ni kwamba kanisa nalo lilitaka sheria hiyo. Mwezi wa 9 mwaka ule ule, sinodi ya kanisa kubwa la Prussia ilikubali kwamba mtu mwenye damu ya Kiyahudi, ao aliyeoa mwenye damu hiyo, asiwe mchungaji. Wazee wa kanisa, wenye Biblia mkononi, walipiga kura. Na waliweza kumtaja Martin Luther mwenyewe, kwa sababu Luther, aliyeandika mwaka 1523 kwamba Yesu alizaliwa Myahudi na kwamba Wayahudi watendewe kwa upole, mwaka 1543 aliandika kitabu kibaya sana juu yao. Mtu mmoja, mikono miwili. Ndiyo maana tunasema imani ndiyo inaigwa, si kila kitu cha mtu.

Bonhoeffer alikuwa na rafiki mchungaji, Franz Hildebrandt, ambaye mama yake alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Walisali pamoja, walipiga muziki pamoja. Kura ile ilimgusa huyo. Bonhoeffer angeweza kupata kanisa mjini Berlin, akakataa kushika nafasi ambayo rafiki yake angenyimwa kwa sababu ya damu. Mapema mwaka huo alikuwa ameandika kwamba kanisa lina kazi tatu mbele ya utawala unaotesa: kuuliza utawala kama unachofanya ni haki, kusaidia walioumizwa, hata wale wasio Wakristo, na ikibidi, kulizuia gurudumu lenyewe, si kufunga tu vidonda vya waliokanyagwa. Maneno mazuri. Aliyaandika akiwa na miaka 27.

Basi mwezi ule ule wa 4, wakati wa maneno hayo mazuri, lilitokea jambo katika nyumba yao. Bonhoeffer alikuwa na dada pacha, Sabine. Bwana yake, Gerhard Leibholz, alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi lakini amebatizwa. Baba ya Gerhard akafa. Mzee huyo hakubatizwa. Wakamwomba Dietrich, shemeji, ndugu wa nyumba, aje aseme neno kwenye maziko. Dietrich akaenda kuuliza mkubwa wake wa kanisa. Mkubwa akamshauri asikubali, hasa wakati huo. Dietrich akakataa.

Mnaona? Mtu aliyeandika kwamba kanisa lisaidie hata wasiobatizwa, kaburi la kwanza lilipofunguka, aliogopa.

Sisi hatukucheka tuliposoma hayo. Miaka kadhaa iliyopita, wawili kati yetu sisi wahubiri wa redio hii tulikuwa kwenye baraza la wazee wa kanisa. Papa mmoja jirani alikufa. Binti yake aliimba katika korali yetu. Papa mwenyewe hakuwa amebatizwa, na siku zile kabila lake lilikuwa linasemwa vibaya sokoni na barabarani. Binti akaja kuomba kanisa lije kuzika. Tukakaa, tukafungua kanuni, tukasema hatuziki asiyebatizwa. Kanuni ilikuwepo, hatukuitunga siku ile. Lakini tunajua, na Mungu anajua, kwamba mwaka uliotangulia tulizika mzee mwingine asiyebatizwa, wa kabila lisilo na maneno, na hakuna aliyefungua kanuni. Tuliogopa watu. Binti alirudi korali mara mbili, kisha hakuonekana tena.

Petro naye. Soma Wagalatia 2, kuanzia mstari wa 11. Petro alikula na waamini wa mataifa kule Antiokia, halafu walipofika watu fulani akaondoka mezani, kwa hofu. Wakati ule waamini Wayahudi walijitenga na waamini wa mataifa. Ujerumani ikawa kinyume, wa mataifa wakawatenga Wayahudi. Lakini meza ni moja na hofu ni ile ile. Na Petro alikuwa nguzo! Paulo alimkemea mbele ya wote.

Bonhoeffer hakupata Paulo wa kumkemea. Mwezi wa 10 alikwenda London kuchunga makanisa mawili ya Wajerumani, na mwezi wa 11 akawaandikia Gerhard na Sabine akiomba wamsamehe, akisema hawezi kuelewa tena kwa nini aliogopa namna ile. Hakumsingizia mkubwa wake. Hakuandika habari za kanuni.

Yaliyofuata ni marefu, tutapita mbio. Alirudi akaongoza shule ya wachungaji ya Finkenwalde mpaka polisi wa siri walipoifunga 1937. Huko aliwasikilizisha wanafunzi sahani za nyimbo za Wakristo weusi wa Marekani, kwa sababu mwaka 1930 na 1931, alipokuwa masomoni New York, alisali na kufundisha watoto katika kanisa la Abyssinian Baptist, Harlem. Watu waliobaguliwa kwa rangi yao walimpokea. Masinagogi yalipochomwa Novemba 1938, alifungua Biblia yake, Zaburi ya 74, penye mstari wa 8 unaosema juu ya nyumba za Mungu kuchomwa, akaandika tarehe kando: 9.11.38. Aliona kwamba zilizowaka ni nyumba za Mungu. Fikirieni Warumi 11, mzeituni na matawi yaliyopandikizwa. Sisi ndio matawi ya porini.

Mwaka 1942 alikuwa pamoja na wale waliofaulu kuwavusha watu 14 mpaka Uswisi, wengi wao Wakristo wa ukoo wa Kiyahudi. Uchunguzi juu ya fedha za safari hiyo ni moja ya mambo yaliyomfikisha kifungoni, tarehe 5 Aprili 1943. Alinyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945.

Kutoka kifungoni alituma barua, siku moja baada ya mpango wa kumwua Hitler kushindikana mwaka 1944. Alikumbuka mazungumzo ya zamani kule Marekani na mchungaji kijana Mfaransa. Yule Mfaransa alisema anataka kuwa mtakatifu. Bonhoeffer akajibu kwamba yeye angependa kujifunza kuamini. Na katika mpango wa kitabu ambacho hakukimaliza, aliandika kwamba neno la kanisa linapata uzito kwa mfano wa maisha, si kwa mawazo, na kwamba jambo hilo la mfano katika Agano Jipya tumelisahau karibu kabisa.

Wengi hupenda kumtaja kwa sababu ya kamba ya Flossenbürg. Sisi inatushika zaidi barua ile ya mwezi wa 11. Kamba si kila mmoja ataitiwa. Barua kama ile kila mzee wa kanisa anaweza kuiandika usiku huu, akiwa na bic na karatasi.

Siku ya posho iliyopita tulikwenda, sisi wawili, kwa binti yule. Ana watoto watatu sasa. Tulimwambia kwamba kanuni haikuwa sababu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akatuuliza kama tunajua kaburi liko wapi. Hatukujua. Akachukua kitenge, akatutangulia.