Punda Mweusi wa Wazazi wa Kijivu

Msikilizaji wa Shinyanga na Geita, punda wako wa kijivu, aliyepandwa na dume la kijivu, akizaa mtoto mweusi tii, usimshuku kwanza dume la jirani. Kila punda hurithi nakala mbili za kinasaba cha rangi, moja kwa kila mzazi. Nakala moja ya ukijivu yatosha kuififisha rangi ya mwili. Mstari wa mgongoni, msalaba wa mabegani na singa za shingoni havififishwi, ndiyo maana hubaki vimekolea. Wazazi wote wawili wakificha nakala ya weusi, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne huzipata zote mbili. Mstari wake hauonekani, maana mwili mzima umekolea. Na weusi huo haumwongezei nguvu ya kubeba madumu ya maji, hata dalali wa mnadani aape.