Kilio cha Usiku na Ajabu za Mlima Wetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani waliokutana shuleni, Mwika.)



Kamati iliponiandikia kunitaka niseme neno, nadhani ilitegemea kwamba mtumishi wa serikali atazungumza juu ya maendeleo. Naomba radhi. Habari za maendeleo mnazisikia kila siku. Mimi leo nataka kuzungumza juu ya mizimu, na hasa ule mmoja uliokuwa ukilia usiku juu ya shule yetu.

Naona baadhi yenu mmeanza kutazamana. Basi mnakikumbuka kilio kile. Taa zikishazimwa bwenini na ukungu ukishuka kutoka msituni, kilianza kule korongoni. Kwanza mkoromo kama wa mlango mzito unaofunguliwa polepole, kisha ukelele, kisha mwingine mkali zaidi, mpaka ungedhani mtu ananyongwa. Halafu kimya. Baada ya usiku wa manane kikaanza tena. Vijana wa kidato cha kwanza walivuta blanketi mpaka utosini. Wakubwa wa kidato cha nne walisema hawaogopi, lakini hakuna hata mmoja aliyekwenda chooni peke yake.

Maelezo hayakutupungukia. Wengine walisema ni Mjerumani aliyefia mlimani, wengine wakasema ni mama aliyepotelewa na mtoto. Kila aliyesimulia aliongeza chumvi yake, nasi tulifurahi kuogopa pamoja. Mpaka hapo hapakuwa na ubaya wowote.

Ubaya ulianza mwaka 1994, tukiwa kidato cha pili. Alihamia kwetu mwenzetu mmoja kutoka mkoa mwingine. Jina lake sitalitaja. Alikuwa mpole, asiyependa makundi, na kilio kilipoanza alikuwa akitoka nje kukisikiliza. Kosa lake lilikuwa hilo tu, kwamba hakuogopa. Usiku mmoja wenye kelele nyingi wenzetu wawili wakashikwa na homa. Kulipokucha ikasemwa kwamba yeye ndiye anayekiita. Hakuna aliyempiga. Tulimhama tu. Kitanda cha kulia kwake kikawa kitupu, na cha kushoto kikawa kitupu, na mezani akawa anakula peke yake. Alituambia, "Yule ni mnyama." Tukacheka. Muhula ulipokwisha alifunga sanduku lake, na hakurudi tena.

Sasa naungama mbele yenu. Mimi nilijua kwamba anasema kweli.

Babu yangu, ambaye kihamba chake kilikuwa karibu na msitu, alikuwa amenionyesha mnyama huyo nilipokuwa na umri wa miaka tisa. Ni perere, ndugu yake pimbi, ila yeye hukaa mitini. Ukubwa wake ni kama wa sungura, manyoya yake ni mazito, mkia hauonekani, na uzito wake ni kama kilo tatu. Mchana hujificha katika matundu ya miti, usiku hutoka kula majani. Wataalamu wa wanyama wanatuambia kwamba miongoni mwa jamaa zake wa karibu walio hai yumo tembo. Yeye hulia kuwajulisha wenzake kwamba mti huu una mwenyewe. Huo ndio mzimu wetu wote. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu niliogopa wasije wakanihama na mimi.

Ndugu zangu, sisemi kwamba ajabu hazipo. Tumelelewa chini ya mlima ambao wenyewe ni ajabu. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe wa Kibo, akaandika Ulaya kwamba ni theluji. Huko London mwanajiografia W. D. Cooley, ambaye hakuwa amekanyaga huku, alikataa katakata. Theluji karibu na Ikweta haiwezekani! Ikapita zaidi ya miaka kumi, mpaka Baron von der Decken alipopanda sehemu ya mlima mwaka 1862, theluji ikamwangukia yeye na wenzake.

Lakini watu wa mlima huu walikuwa wamekwisha kuigusa. Wamisionari wale waliandika habari waliyosimuliwa, kwamba Mangi Rengua wa Machame alituma watu kwenda kuchunguza weupe ule, akitumaini kwamba huenda ni fedha. Akarudi mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono na miguu yake imelemazwa. Ikasemwa kwamba pepo wabaya ndio waliowaua wenzake, kumbe ni baridi. Basi msomi wa London na watu wa huku walikosea namna moja. Wote walikuwa na jibu kabla ya kutazama. Ushahidi ulikuwa kwenye vidole vya Sabaya.

Shule nazo zina ajabu zake. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana wa shule ya bweni ya Kashasha, upande wa Bukoba, walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Katika wanafunzi 159 walipatwa 95, na mwezi wa Machi shule ikafungwa. Wako waliodhani unga wa chakula una sumu, na wako waliosema hewa imechafuliwa na mabomu ya atomiki. Madaktari walipima, hawakuona sumu wala vijidudu, wakaona ni mfadhaiko wa moyo unaopokezana kutoka mtu hadi mtu. Hofu ni ugonjwa wa kuambukiza, ndugu zangu, na bweni letu liliwahi kuugua.

Kwa nini nawaeleza haya leo? Kwa sababu kazi imenipeleka mikoa ya Ziwa. Huko vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na dalili yenyewe ni kuwa na macho mekundu. Bibi aliyepika miaka hamsini kwa moshi wa kuni na samadi, macho yake yatakuwa na rangi gani? Nilihudhuria kikao cha kijiji kimoja baada ya mauaji ya namna hiyo. Watu wale walikuwa wakarimu, walinipa maziwa. Kila aliyesimama alisema hakuinua panga, na naamini wengi wao walisema kweli. Walikuwa wamemhama tu bibi yule, hata akabaki peke yake na wenye mapanga. Nilishika kikombe changu nikashindwa kunywa. Nilikumbuka kitanda cha kulia na kitanda cha kushoto.

Vijana mnaosoma hapa sasa, endeleeni kusimuliana mizimu. Usiku wa Mwika ni mrefu na una baridi, na hadithi ni blanketi la pili. Lakini mkisikia kilio, chukueni tochi, mwende wawili wawili mkatazame. Na siku mtakapoona mwenzenu anahamwa, mmoja wenu asogeze kitanda chake karibu naye. Hiyo haihitaji elimu kubwa. Mimi nilikuwa na elimu ya kutosha kutoka kwa babu. Nilichokosa ni moyo.

Ndugu Mwenyekiti, naambiwa kwamba maneno haya yatachapwa katika jarida letu, nalo hufika mbali. Basi ndugu yetu yule, kama litafika mkononi mwako: ulisema kweli. Alikuwa mnyama, na mimi nilijua. Nisamehe. Mkutano ujao, kiti kilicho karibu nami ni chako.