Mbwa Wetu na Daktari wa Kuaminika



Tumekuwa tukiwalaumu watu kwamba hawaleti mbwa kuchanjwa. Siku moja tukakaa chini tukawauliza sababu. Mama mmoja akatujibu bila kuficha: "Yule wa mwisho alikuja na dawa mfukoni, jua kali, barafu hakuna. Pesa alichukua, cheti hakutoa." Tulinyamaza, maana ni sisi tuliomleta.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutunzwa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8. Ikipata joto huweza kuharibika, na kwa macho huwezi kujua. Basi mwenye mbwa amtazame mtu. Amebeba sanduku la barafu? Anataja bei kabla ya kushika sindano? Anaandika cheti chenye tarehe? Amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo? Muulizeni, si utovu wa adabu. Aliye wa kweli hakasiriki. Tena mbwa akivimba kesho yake, je, atapatikana?

Lakini mtoto akiumwa, msingoje daktari wa mbwa. Osheni kidonda kwa sabuni na maji mengi dakika 15, halafu mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Safari ijayo vikundi vyenyewe vichague nani aitwe. Sisi tutaleta barafu.