Je, Dua la Kuku Halimpati Mwewe?

Hotuba juu ya Wakatoliki na ubaguzi wa rangi katika Afrika ya Kusini, iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi



Juma lililopita, tulipotangaza kwamba leo tutazungumza habari za Wakatoliki na vita vya ubaguzi wa rangi, mzee mmoja wa tawi hili alitusimamisha barazani akatuambia, "Wanangu, dua la kuku halimpati mwewe." Watu wakacheka, na sisi tukacheka. Lakini tulipofika nyumbani tuliona kwamba mzee ametuuliza swali kubwa. Kaburu alikuwa na bunduki, alikuwa na jela, alikuwa na sheria, na Biblia pia alikuwa nayo mkononi. Wewe una tasbihi. Utamfanya nini?

Swali hilo si la kuchezea. Wengi wetu tumelelewa na wazee waliomwona mkoloni na mmisionari wakishuka katika meli moja. Wanakumbuka mji mmoja wenye shule tatu, ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika, na hiyo ya tatu ndiyo iliyokosa madawati. Wanakumbuka kanisa ambamo viti vya mbele vilikuwa na wenyewe, hata siku ambazo wenyewe hawakuja. Basi mtu akija leo kutuambia kwamba Kanisa lilipigana na ubaguzi, ni haki yetu kumwuliza: lini, wapi, na kwa gharama gani?

Tutajibu kwa mfano wa Afrika ya Kusini. Huko ubaguzi ulikuwa sheria ya nchi, umeandikwa na kupigwa mhuri. Tena mambo ya huko hayakuwa mbali nasi. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na ofisi yake Dar es Salaam tangu 1963. Wapigania uhuru wa nchi ile walikaa Kongwa, na baadaye Mazimbu karibu na Morogoro, wakala ugali wetu.

Kwanza mjue kwamba Wakatoliki hawakuwa kanisa la watawala. Makaburu walikuwa na kanisa lao, la Kireformati, na wako wachungaji wake waliotafuta katika Maandiko mistari ya kuutetea ubaguzi. Wakatoliki walitazamwa kwa jicho baya. Makaburu walisema habari za "hatari ya Warumi" kama walivyosema habari za "hatari ya watu weusi." Tena mapadre wengi walikuwa wageni kutoka Ulaya, na mgeni anaweza kufukuzwa nchini kwa barua moja. Kwa hiyo chama cha Makaburu kiliposhika serikali mwaka 1948, maaskofu walikuwa na hofu. Tamko lao la 1952 lilikuwa na hofu hiyo ndani yake. Lilisema kumdhulumu mtu kwa rangi yake ni kosa, lakini katika mambo ya siasa likataka Mwafrika apewe haki zake pole pole, kwa kadiri alivyoendelea. Pole pole! Ndugu zangu, neno hilo tunalijua. Tuliambiwa na sisi, na waliotuambia walikuwa wameketi.

Kilichowaondoa usingizini kilikuwa shule. Mwaka 1953 ilipitishwa Sheria ya Elimu ya Wabantu. Bwana Verwoerd, waziri aliyeisimamia, hakuficha shabaha yake: Mwafrika asifundishwe kutazama malisho asiyoruhusiwa kuyala, afundishwe kwa kadiri ya kazi atakayopewa na Mzungu. Misheni zikaambiwa: ama mtupe shule zenu, ama ruzuku itapunguzwa mpaka iishe. Madhehebu mengi yalikabidhi shule. Wako waliozifunga kuliko kuziona zikifundisha utumwa. Wakatoliki waliamua kubaki nazo bila fedha ya serikali. Walichangisha ndani ya nchi na nje, na walimu wakavumilia mishahara midogo. Hatutaki kuipamba habari hii. Fedha haikutosha miaka yote, na shule nyingi zilifungwa baadaye. Lakini kwa mara ya kwanza muumini wa kawaida, mwenye shilingi moja mfukoni, aliambiwa kwamba kuitoa shilingi ile ni kupingana na serikali.

Mwaka 1957 mambo mawili yalikutana. Serikali ilitunga kifungu kilichompa waziri uwezo wa kumkataza Mwafrika kusali katika kanisa lililo kwenye mtaa wa Wazungu. Hebu fikirini. Mama anayefua nguo za Mzungu juma zima, anayemlelea mtoto wake, Jumapili asipige magoti karibu naye! Maaskofu walitangaza kwamba makanisa yao yatabaki wazi kwa watu wote. Na mwaka huo huo walitoa tamko la pili, ambalo halikuwa na pole pole ya lile la kwanza. Walisema mfumo wa kubagua watu kwa rangi ni mwovu katika asili yake. Maana yake hautengenezeki, hata ukipakwa chokaa. Mwizi huwezi kumtaka aibe kwa adabu.

Katika tamko lile mlikuwa na jambo jingine, na hili ndilo linalotupendeza zaidi. Maaskofu walijigeukia wenyewe. Walikiri kwamba ubaguzi umo katika vyama vyao vya waumini, katika shule zao, seminari zao, nyumba za masista na hospitali zao. Nyani haoni kundule, wanasema wahenga. Hapa angalau nyani aligeuza shingo. Lakini kukiri ni kitu kimoja na kuacha ni kingine. Miaka ikapita, na kijana wa Kizungu aliyetaka upadre alikwenda seminari ya Pretoria, na kijana wa Kiafrika akapelekwa Hammanskraal. Walisoma vitabu vile vile, wakiwa na Papa mmoja, na hawakuketi pamoja.

Mwezi Januari 1970 mapadre watano Waafrika walichoka. Walitoa tamko lao katika gazeti la Johannesburg, si katika ofisi ya askofu, wakisema wazi kwamba Kanisa lao limewaangusha. Walidai Waafrika wapewe uongozi na mapadre weusi waache kufanywa watoto. Mmoja wao alikuwa Padre Smangaliso Mkhatshwa. Lishikeni jina hilo, tutalirudia. Wakubwa hawakufurahi, lakini bila watu hawa watano tamko zuri la 1957 lingebaki karatasi. Ndivyo ilivyo hata katika vyama vya siasa, na sisi hatujitoi.

Katika miaka hiyo hiyo padre mmoja Mfransisko, Cosmas Desmond, alizunguka nchi nzima akitazama Waafrika walivyohamishwa kwa nguvu na kutupwa katika mbuga kavu kama Limehill, wamepewa hema na hakuna maji. Aliandika kitabu. Serikali ikampa kifungo cha nyumbani mwaka 1971. Na mwezi Oktoba 1970, Mwalimu Nyerere, naye Mkatoliki, aliwaendea wamisionari wa Maryknoll huko New York akawaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kuupinga utaratibu unaowaweka watu katika umaskini na unyonge, halitakuwa na maana kwa watu, na dini itabaki ushirikina wa waoga. Aliwaambia nyumbani kwao.

Sasa tuseme juu ya watu wadogo, kwa sababu magazeti hupenda maaskofu. Kilikuwako chama cha vijana wafanyakazi kilichoanzishwa na padre wa Ubelgiji, Cardijn. Hapa kwetu wenzao mnawajua kwa jina la VIWAWA. Utaratibu wao ulikuwa maneno matatu: ona, amua, tenda. Kijana anakuja mkutanoni na mshahara wake wa juma. Wanauhesabu pamoja: nauli kiasi gani, kodi kiasi gani, mwenzake Mzungu wa kazi ile ile anapata ngapi. Halafu wanasoma Injili. Halafu wanaulizana: kesho kiwandani tufanye nini? Vijana wengi waliofunzwa namna hii waliingia katika vyama vya wafanyakazi, na wengine wakaingia jela.

Wako pia masista. Mwanzoni mwa 1976 baadhi yao waliokuwa na shule za Wazungu walifungua milango na kupokea watoto weusi, kinyume cha sheria. Serikali ilitishia kuzifunga shule hizo. Wako wazazi wa Kizungu waliokasirika. Masista wakaendelea kufundisha. Serikali haikuzifunga, kwa maana ni aibu kubwa kumpeleka polisi akamtoe darasani mtoto wa miaka sita anayejifunza kuhesabu. Mwaka 1977 maaskofu nao waliweka kwa maandishi ahadi ya kuondoa ubaguzi ndani ya nyumba yao wenyewe. Mtaona hapa masista walitangulia na maaskofu wakafuata.

Mwaka ule ule wa 1976, tarehe 16 Juni, watoto wa shule wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa lugha ya Makaburu, wakapigwa risasi. Wengi walikimbilia Regina Mundi, kanisa kubwa la Kikatoliki katika mji ule. Polisi waliwafuata ndani. Walifyatua risasi ndani ya kanisa, na altare ya marumaru ikavunjwa pembe. Tangu hapo, kila mkutano ulipopigwa marufuku, watu walikutana Regina Mundi. Ilikuwa misa ya maiti, lakini ilikuwa pia mkutano wa hadhara, bunge la wasio na bunge. Serikali ilifika hata kuyawekea mazishi masharti. Mzee wetu, hapo tunaanza kukujibu. Serikali haitungi masharti juu ya kitu kisichoiogopesha.

Turudi kwa Padre Mkhatshwa. Yule aliyelishitaki Kanisa magazetini mwaka 1970 akawa Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu tangu 1981. Mwaka 1986, hali ya hatari ilipotangazwa, alikamatwa akateswa. Alifungwa kitambaa machoni na kusimamishwa kwa saa nyingi. Kaburu hakujali kwamba mtu huyu asubuhi husoma misa. Baadaye, nchi ilipokombolewa, alikuwa naibu waziri wa elimu, kisha meya wa jiji la Pretoria lenyewe.

Mwingine ni Denis Hurley, Askofu Mkuu wa Durban. Huyu alikuwa Mzungu, mwana wa mlinzi wa mnara wa taa, na utoto wake alikaa kwa muda katika kisiwa cha Robben, kile kile cha jela ya Mandela. Alifanywa askofu mwaka 1947 akiwa na miaka 31. Hakuwa mtu wa makelele. Mwaka 1976 alianzisha Diakonia, mahali ambapo Wakristo wa madhehebu mbalimbali ya Durban walifanya kazi pamoja juu ya nyumba, mishahara na wafungwa. Alipotaja hadharani ukatili wa kikosi cha Koevoet huko Namibia, alishitakiwa mwaka 1984. Mwaka uliofuata serikali yenyewe ikaiacha kesi. Alifariki 2004.

Maaskofu walianzisha hata gazeti, New Nation, mwaka 1986, na mhariri wake alikuwa Zwelakhe Sisulu, mwana wa Walter Sisulu. Aliwekwa kizuizini kabla mwaka haujaisha. Sisi watu wa magazeti ya chama tunajua maana ya kuandika huku unasikiliza hatua mlangoni. Na mwezi Oktoba 1988 nyumba ya maaskofu huko Pretoria, Khanya House, ilichomwa moto usiku, watu wamelala ndani. Waliochoma walikuwa watumishi wa serikali; baadaye walikiri mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano.

Wasikilizaji Waislamu wasidhani tumewasahau. Imamu Abdullah Haron wa Cape Town alifia mikononi mwa polisi mwaka 1969. Na Waanglikana walikuwa na Trevor Huddleston, aliyekuja kuwa askofu wetu hapa Masasi tangu 1960. Tumechagua Wakatoliki leo kwa sababu ndio tuliotangaza.

Basi, mzee wetu, hatusemi kwamba tasbihi ilimwangusha Kaburu. Waliomwangusha ni wananchi wenyewe: wafanyakazi waliogoma, wanafunzi, akina mama waliokataa kubeba vitambulisho, wapiganaji waliovuka mipaka, na nchi zilizokataa kumuuzia na kununua kwake. Wako Wakatoliki wengi waliosali miaka yote ile bila kumtazama jirani, na dua yao, kwa kweli, haikumpata mwewe. Lakini wako waliopiga magoti, kisha wakasimama wakafungua mlango wa shule, wakahesabu mshahara wa kijana, wakazika maiti ambayo serikali haikutaka ionekane. Kwa hao mwewe alituma polisi na moto.

Matundu ya risasi katika Regina Mundi hayakuzibwa. Mwaka 1996 Tume ya Ukweli ilikaa ndani ya kanisa lile. Akina mama wa Soweto walikaa juu ya viti vile vile, wakaeleza mmoja mmoja jina la mtoto, siku aliyotoka nyumbani, na nguo aliyovaa.